Dakika mbili tu

"Nina dakika mbili tu za kukuomba," alisema jirani yangu wa dawati kazini. Nikamwambia aje saa sita kasoro robo, dirisha nililotenga kwa maswali ya wenzangu. Akajibu, "Kumbe siku hizi hata kusema nawe ni kwa miadi!" Wiki hii tumefunga hesabu za robo mwaka na bosi kahamishiwa idara nyingine, lakini kinachozunguka kichwani ni hiyo "miadi".

Dakika mbili hazibaki mbili. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akiruka kutoka kazi moja kwenda nyingine kabla ya kuimaliza, sehemu ya mawazo yake hubaki kwenye ile ya kwanza. Ndiyo maana kazi nzito nimeizungushia ukuta: saa mbili na nusu hadi saa nne asubuhi, simu ndani ya droo, arifa zimezimwa. Barua pepe ni saa tano na robo, kisha saa tisa alasiri. Ukianza nazo asubuhi, kila ujumbe unakuja na kazi ya mtu mwingine, na kufikia saa nne akili bora ya siku imekwisha. Kujaza fomu na kupanga mafaili nasukuma baada ya chakula cha mchana, mwili unapolegea. Na ukilazimika kuacha kazi katikati, andika mstari mmoja: umefika wapi, hatua inayofuata ni ipi. Bila mstari huo utarudi kusoma upya kila kitu.

Makadirio ndiyo yanayovunja ratiba nyingi. Usijiulize kazi itachukua muda gani. Angalia iliyofanana nayo mara ya mwisho ilichukua muda gani. Kama huna kumbukumbu, kila ulichokikadiria saa moja kipe dakika 90. Katika siku ya saa nane za kazi, saa mbili zibaki tupu kabisa. Ratiba iliyojaa pomoni huangushwa na mgeni mmoja tu.

Lakini hasira ilipopoa nilipiga hesabu kutoka upande wake. Mtu anayekwama saa mbili asubuhi akingoja hadi saa sita kasoro robo, kazi yake imelala karibu saa nne ili yangu isiguswe. Muda niliouokoa mimi umepotea dawati la pili! Dawa yake ni nyepesi hadi nimefurahi: dirisha la pili la maswali, saa mbili na robo, dakika 15, kabla ukuta haujafungwa. Anayekwama anatoka na jibu, nami sikatizwi. Kesho nitamwambia mwenyewe, ana kwa ana.