Waya wa Kijani

Usiku wa tatu kibodi iligoma tena. Bodi niliiunga mwenyewe nyumbani Kibokoni, Mombasa: Raspberry Pi Pico moja, kikompyuta kidogo cha bodi moja, tundu la skrini, vipinga vichache, na programu ya kuigiza VT100, ile teminali ya kampuni ya DEC ya mwaka 1978, yaani skrini na kibodi za kuzungumzia na kompyuta. Nilikuwa na kompyuta ya Z80, chipu ya zamani, isiyo na skrini wala kibodi, nami nilitamani mno kuzungumza nayo bila kuazima laptopu ya dada yangu.

Maandishi yalitokea vizuri. Shida ilikuwa kibodi ya USB. Nikiichomeka, taa zake humeta mara moja zikazima. Nikibonyeza kitufe cha herufi kubwa, hakuna taa. Na taa ile huwashwa kwa amri inayotoka kwenye bodi, kwa hiyo nilijua bodi na kibodi hazijasikizana kabisa. Nilijaribu kibodi tatu. Nikaipitia programu mstari kwa mstari. Nikapima umeme: volti 5 kamili.

Siku ya nne, baada ya alasiri, nikaibeba kwa ami yangu, fundi wa redio karibu na Marikiti.

"Soketi hii umeitoa wapi?"

"Nimeikata kwenye waya wa kuongezea urefu, Ami."

"Na wajuaje upi ni upi?"

"Kwa rangi. Nyaya mbili za data: mweupe ni D-, wa kijani ni D+."

"Umepima?"

Nilinyamaza. Akachukua mita, ncha nyeusi akaishikiza kwenye waya mweusi. Kibodi kama zangu, za mwendo wa pole, huinua volti ya D- kwa kipinga cha omu 1,500, hivyo volti kama 3 zilitakiwa kwenye mweupe. Mweupe ulisoma sifuri. Volti zilikuwa kwenye wa kijani! D+ ikiinuliwa ni ishara ya kifaa cha mwendo wa kasi, basi bodi ilidhani imechomekewa kifaa cha megabiti 12 kwa sekunde, ilhali kibodi husema kwa 1.5. Ami akachomoa kila kitu, akapima kwa mlio, maana mita hulia pale ncha zake mbili zinapogusa waya mmoja: pini ya pili ya soketi, ambayo ndiyo D-, ililia na waya wa kijani. Kiwandani walizipachika rangi kinyume.

Alizibadilisha nyaya mbili zile yeye mwenyewe, akaupuliza moshi wa lehemu. Tukawasha kwa chaja ya simu. Nikabonyeza kitufe. Taa ikawaka, ikabaki inawaka.

Ami akaibonyeza mwenyewe: ikazima, ikawaka, ikazima. Kisha akamwita muuza kahawa aliyekuwa akipita na dele lake, aje naye aione.