Kaunta buku iliyokuza maktaba yetu ya Mwalimu

Nilipostaafu kufundisha historia hapa Tabora nilikuwa na sanduku la bati alilonirithisha baba. Ndani mlikuwa na vitabu vya hotuba za Mwalimu Nyerere, kijitabu cha Azimio la Arusha kisicho na jalada, kijitabu chake kingine Tujisahihishe, na magazeti ya Uhuru yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Wanachuo walikuwa wakija kuazima kwa ajili ya tasnifu zao, na kitabu kikirudi kinakuwa kimepungua ukurasa. Nikaamua hakitoki kitu tena. Anayetaka kusoma aje, atakuta meza, kiti na maji ya kunywa. Chumba cha uani kikaanza kuitwa maktaba.

Tabora na Mwalimu wana historia ndefu. Alisoma sekondari hapa kuanzia 1937, akarudi kufundisha St. Mary's alipotoka Makerere, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Kisha Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU, chama chake cha kudai uhuru, ulikaa hapa hapa kujadili kura tatu. Mkoloni alitaka kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja, na wajumbe wengi walitaka TANU isusie. Mwalimu akawashawishi waingie kwenye uchaguzi. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitenga na kuanzisha chama chake. Uamuzi ule wa kuingia kwenye uchaguzi ndio Uamuzi wa Busara tunaoufundisha shuleni. Mtafiti akishuka treni Tabora, swali lake la kwanza ni hilo, na sanduku langu zima halikuwa na hata karatasi moja ya mkutano ule.

Nikaanza kuzunguka kwa wazee. Kwa muda mrefu nilikuwa narudi mikono mitupu, nikidhani watu wametupa kila kitu. Aliyenifumbua macho ni bibi mmoja wa mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora niliyekuwa nimemwendea mara tatu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata tena kadi yangu?"

Akafungua pindo la kanga. Kadi yake ya TANU ilikuwa imekunjwa mara nne, mikunjo imelika mpaka mwanga unapita, lakini mihuri ya ada bado inasomeka. Akaniambia kuna bwana alikuja zamani, akachukua picha ya marehemu mumewe akiwa kwenye mkutano, akaahidi kuirudisha. Hajaonekana mpaka leo. "Sasa wewe," akasema, "utaandika wapi kwamba hii ni yangu?"

Sikuwa na jibu. Jioni ile nikanunua kaunta buku na karatasi ya kaboni. Nikachora safu: namba, kitu chenyewe, mwenyewe nani, alikipataje, siku kilipofika, ametoa au ameazimisha. Mwenyewe anatia sahihi au dole gumba, nakala ya kaboni anabaki nayo. Asiyetaka kuacha kitu, nakipiga picha mbele yake na anaondoka nacho. Kadi ya bibi ni namba 1, na bado iko kwenye pindo la kanga yake. Zilikuwa hazijapita wiki mbili, majirani zake wakaanza kuja wenyewe. Waliokuja walileta mihtasari ya vikao vya tawi, barua za kuitwa mkutanoni, na kuna mzee alileta daftari la mahudhurio la darasa la elimu ya watu wazima. Hayo ndiyo watafiti wanayoyatafuta kuliko vitabu, kwa sababu vitabu wanavipata kwingine.

Kaseti zilinitesa. Ya kwanza niliitia kwenye redio kuukuu, utepe ukamezwa na kukatika. Nilikwenda kwa mwenyewe nikamweleza ukweli, na nashukuru alinielewa. Tangu hapo kila kaseti naifungua kwanza, skrubu tano ndogo, natazama kile kisponji kinachokandamiza utepe. Kikiwa kimebanduka, nahamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine nzima ndipo nairekodi kwenye kompyuta. Hotuba ya Machi 1995 aliyowapa waandishi wa habari pale Kilimanjaro Hotel, ile aliyotaja nyufa katika taifa, nimeletewa mara nyingi. Nazipokea zote, maana utepe mmoja umekatika pale ambapo mwingine ni mzima.

Kosa langu kubwa lilikuwa kupanga kwa majina ya vitabu. Msomaji haulizi kitabu, anauliza Mwalimu alisema nini juu ya elimu mwaka 1967, na aliwaambia nani. Nikavunja mpango wote, nikaandika kadi moja kwa kila hotuba: tarehe, mahali, wasikilizaji, lugha. Lugha ndiyo naisisitizia zaidi. Azimio lilijadiliwa na kutolewa kwa Kiswahili, na Kiingereza chake ni tafsiri iliyokuja kurekebishwa baadaye. Mwanafunzi anayenukuu Kiingereza peke yake namwekea matini zote mbili mezani, na simruhusu kuondoka kabla hajazilinganisha walau ukurasa mmoja. Wengine hununa kidogo.

Mchwa tumewadhibiti kwa kuweka miguu ya kabati ndani ya makopo ya oili chafu, na kuziacha kabati mbali na ukuta kiasi cha kiganja. Pini zilizoota kutu nilizing'oa zote, karatasi sasa zimeshonwa kwa uzi wa pamba. Sanduku limekuwa kabati nne.

Nisichokipata mpaka sasa ni Sauti ya TANU, jarida lililomfikisha Mwalimu mahakamani mwaka 1958 kwa sababu ya makala yake juu ya wakuu wa wilaya wa kikoloni, akatozwa faini. Najua kuna nyumba lilikobaki, chini ya godoro au ndani ya Kurani au Biblia ya babu. Mwenye nalo, hata likiwa ukurasa mmoja, naomba anijulishe. Nitakuja mwenyewe na kaunta buku, nilipige picha, na litabaki kwake.