Limfoma ya ngozi: ninapokata na ninapoacha

Limfoma ya ngozi, yaani saratani ya limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) kwenye ngozi, ikitufikia hapa Dodoma huwa imeshapakwa tyubu za duka la dawa kwa jina la fangasi au pumu ya ngozi. Krimu za steroidi hupunguza seli zinazotafutwa, kwa hiyo nazisimamisha wiki 2 hadi 4 kabla ya kuchukua kinyama cha kupima. Muwasho utarudi, natoa vaselini na dawa ya mzio.

Kwenye mabaka nachagua lililo nene na halijachubuliwa kwa kukunwa, natoboa sehemu mbili kwa kitobozi cha milimita 6. Kinundu nakikata kwa umbo la jicho mpaka kwenye mafuta, maana limfoma za seli B (aina moja ya limfosaiti; nyingine ni seli T) hujificha chini na kipande cha juujuu hakionyeshi kitu. Koleo lisibane katikati: limfosaiti hupondeka upesi, mpatholojia, daktari anayesoma kipande kwa hadubini, akabaki na michirizi ya bluu isiyosomeka. Nanyanyua kwa ncha ya sindano. Fomalini asilimia 10, ujazo mara 10 ya kipande, jina kwa penseli, na kopo lisipigwe na jua. Kwenye fomu naandika wazi kwamba nashuku limfoma, wapime CD3, CD20 na CD30, alama za juu ya seli zinazotambulisha aina yake. Fomu ikiandikwa "upele" tu, jibu nalo huja la upele.

Jibu likitoka, ndugu husema, "Daktari, si uung'oe wote?" Mycosis fungoides, limfoma ya seli T inayokuja kama mabaka, haing'oki: seli zake zimo hata kwenye ngozi inayoonekana nzima. Hiyo ni kazi ya krimu, tiba ya mwanga na mionzi. Ninachokata kwa nia ya kutibu ni kinundu kimoja, au viwili vitatu vilivyokaribiana, cha seli B za mwendo wa polepole au cha seli T zenye CD30, tena baada ya vipimo vya damu, tezi, kifua na tumbo kuonyesha hakuna kitu ndani. Sichukui sentimita 2 pembeni kama kwenye melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi. Upana huo hauzuii kinundu kipya kuota kwingine. Kama kidonda kitahitaji kiraka cha ngozi, mathalani puani, namwandikia rufaa ya mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam: kwa kinundu kimoja Gy (grei, kipimo cha mionzi) 24 hadi 30 kwa kawaida hutosha, na pua inabaki ilivyo.

Nyuzi za usoni natoa baada ya siku 5 hadi 7, za mguuni 14. Kliniki ya marudio mgonjwa huja akionyesha kovu tu; mimi nakagua mwili mzima, mgongo na makalio yakiwemo.