Mradi wa njia ya Taerum: nimevuka bahari, nimefika Walcheren

Karatasi ya kwanza imekamilika, kutoka uwanja wa ndege za kivita wa Scampton, Uingereza, mpaka pwani ya Uholanzi. Kwa mnaonikuta njiani: nachora upya kwa mkono, kwa penseli, rula na kipimapembe, njia aliyoiongoza Harlo Taerum usiku wa tarehe 16 Mei 1943. Kompyuta siitaki kwenye mradi huu. Kazini nashinda mbele yake nikichora mipaka ya viwanja vya watu, inatosha.

Taerum alikuwa mwongoza njia wa Guy Gibson kwenye ndege ya mabomu aina ya Lancaster yenye alama AJ-G, katika lile shambulio la mabwawa ya Ujerumani. Gibson anajulikana dunia nzima. Aliyekaa nyuma yake mezani, na ramani na penseli, akimwambia ageuze wapi na saa ngapi, hupewa mstari mmoja. Basi mimi nimeamua kuanza na huyo.

Alizaliwa tarehe 22 Mei 1920 huko Milo, Alberta, magharibi mwa Kanada, nchi ya mashamba. Baba yake, Guttorm, alikuwa mhamiaji kutoka Norwei, naye alikufa maji Harlo akiwa mtoto wa miaka kumi. Mama, Hilda, akabaki na wanawe. Mwaka 1940 kijana akajiunga na Jeshi la Anga la Kanada, akafundishwa kazi ya mwongoza njia, akapelekwa Uingereza. Alikuwa ameshapita Kikosi cha 50 alipochukuliwa kwenye kikosi kipya, cha 617. Usiku wa mabwawa alikuwa amebakiza siku sita atimize miaka 23.

Sasa bahari, maana ndiyo iliyonishughulisha. Kutoka Southwold, pwani ya Uingereza, mpaka mlango wa mto Scheldt ni kama kilomita 150, yaani nusu saa hivi kwa mwendo wao. Nchi kavu hata usiku wa mbalamwezi unaona reli, mfereji, makutano ya barabara. Baharini huna cha kushika. Unajua mwendo wa ndege, unajua dira imeelekea wapi, na upepo umeambiwa na watabiri kabla hujaondoka. Kutokana na hayo unachora pembetatu ya upepo, ndipo unajua ndege inakwenda wapi hasa, maana pua inaweza kuangalia huku na ndege ikasogea kule.

Nilijaribu kuuongeza upepo wa ubavuni kwa kilomita kumi tu kwa saa kuliko uliotabiriwa. Baada ya nusu saa uko kilomita tano nje ya mstari. Kwenye karatasi yangu ya 1:500,000 hiyo ni sentimita moja, na ndani ya ndege hakuna chochote kinachokushtua.

Walikuwa na njia ya kujikagua, nami naipenda kupita kiasi. Wanadondosha kifaa kinachowaka moto juu ya maji. Mpiga bunduki wa mkiani anauelekezea ule moto bunduki zake huku unabaki nyuma, kisha anasoma mnara wake umegeuka kwa nyuzi ngapi. Namba hiyo inamfikia mwongoza njia kwa simu ya ndani, naye anasahihisha. Pamoja na hayo yote, upepo uliwasukuma kusini. Walikusudia kupenya kati ya visiwa vya Schouwen na Walcheren, wakajikuta juu ya Walcheren kwenyewe, palipojaa mizinga. Wakapita salama. Mstari uliopangwa nimeuchora kwa penseli nyeusi, waliopita kweli kwa nyekundu, na hapo kisiwani ndipo inapoachana vibaya.

Karatasi ya pili itapita Uholanzi, ivuke mto Rhine, iishie bwawa la Möhne. Pale Taerum aliacha meza. Bomu lilitakiwa kuachiwa ndege ikiwa mita 18 tu juu ya maji, na chini ya ndege kulikuwa na taa mbili ambazo mianga yake hukutana kwenye kimo hicho. Yeye ndiye aliyekuwa akichungulia upande wa kulia, akimwambia Gibson shuka, shuka, hapo hapo. Bomu lao halikuuvunja ukuta. Ulibomoka baada ya ndege ya tano.

Mafuriko yale yaliua watu zaidi ya 1,200, wengi wao vibarua wa kulazimishwa kutoka nchi za kigeni waliofungiwa kambini Neheim, chini ya bwawa. Kambi hiyo lazima iwemo kwenye karatasi. Ramani inayoishia ukutani naiona ni ramani ya nusu.

Mwezi Septemba Gibson alikuwa Kanada kwa ziara, akafika Calgary akaonana na Bi Hilda. Siku chache baadaye, usiku wa tarehe 15 kuamkia 16, Taerum aliruka na kamanda mpya, George Holden, kwenda kuubomoa mfereji wa Dortmund-Ems, Ujerumani, karibu na Ladbergen. Walipigwa na mizinga eneo la Nordhorn wakiwa na bomu lao, wakafa wote wanane, wakiwemo wanne wa AJ-G. Ndege nane zilikwenda, tano hazikurudi. Taerum amezikwa kwenye makaburi ya vita ya Reichswald, Ujerumani. Mwanzoni mwa 1945 mdogo wake, Lorne, mpiga bunduki, naye aliuawa. Kati ya wale saba wa AJ-G hakuna aliyeuona mwisho wa vita.

Njia hiyo ya Septemba itakuwa karatasi ya tatu. Nasita kama niichore kwa kipimo kile kile ili zote tatu ziungane ukutani, au niikuze, maana eneo la mfereji ni dogo na mashambulizi yalizunguka pale pale kwenye ukungu. Kwa sasa naelekea kuikuza. Kabla ya hapo natafuta karatasi nzito zaidi: hii ya sasa inachanika ukifuta mara mbili mahali pamoja, na Uholanzi ina kona nyingi.