Homa ya mwanangu: acheni kunishauri maji baridi

"Mwogeshe maji baridi, homa itatoka!" Nimelisikia hilo tangu sijazaa, na usiku ule nililifuata. Mwanangu wa miaka minne alikuwa na nyuzi 39.2. Nikamkalisha kwenye beseni, nikawa namwagia kwa kikombe mabegani na mgongoni. Akatetemeka mpaka meno yakagongana. Midomo ikapauka, vidole vya miguu vikawa baridi kabisa, ananiita "mama" kwa sauti ya kukatika. Nami nikazidi kumwagia! Robo saa baadaye kipimajoto kikasoma 39.8.

Jirani yangu ni muuguzi. Alimtoa majini, akamkausha, akasema, "Mdogo wangu, unashindana na ubongo wake."

Ndani ya ubongo, upande wa chini, kuna sehemu ndogo kama lozi, haipothalamasi. Ndiyo inayopanga joto la mwili, kwa kawaida karibu nyuzi 37. Vijidudu vikiingia, kinga ya mwili husababisha kemikali iitwayo prostaglandini kuongezeka, na haipothalamasi hupandisha kiwango chake, tuseme hadi 40. Kwa ubongo huo, mtoto mwenye 39 bado ana baridi. Basi hubana mishipa ya damu ya ngozini ili joto libaki ndani, na hutetemesha misuli ili izalishe joto zaidi. Maji yangu yaliuchochea tu. Parasetamoli, kwa kipimo cha uzito wa mtoto, hupunguza ile kemikali, na kiwango chenyewe hushuka. (Aliyezidiwa na joto la jua ni habari nyingine: kiwango kilichopangwa na ubongo wake hakijapanda, kwa hiyo huyo mpoze kwa maji haraka.)

Tangu siku hiyo naanza kushika miguu. Ikiwa ya baridi huku paji linaunguza, najua homa bado inapanda: namfunika shuka moja nyepesi, wala si mablanketi matatu anayoyataka mama mkwe. Miguu ikipata moto na jasho likianza, ubongo umeshusha kiwango, shuka naliondoa.

Usiku ule nilikaa nimeshika nyayo zake mkononi. Saa tisa hivi zikaanza kupata uvuguvugu, kwanza visigino, kisha vidole. Jasho likatokea juu ya mdomo, vitone vidogo vidogo. Nikapima: 38.1. Akafumbua macho, akaomba maji ya kunywa. Kulipokucha tukaenda zahanati kupimwa damu.