Kuchemsha hakukutosha: nilivyopunguza floraidi kwenye maji ya kunywa nyumbani

Meno ya mbele ya binti yangu mkubwa yalipoota na madoa ya kahawia, nilijua chanzo. Tunaishi Usa River, karibu na Arusha, chini ya Mlima Meru, na miamba ya volkano huku inatia kwenye maji floraidi, madini ambayo yakizidi hutia meno madoa. Kilichoniuma ni kwamba miaka yote nilikuwa nachemsha maji ya kunywa kwa bidii. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haitoki. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inabaki sufuriani, imezidi kukolea.

Nikapeleka chupa ya maji ya kisima chetu maabara. Jibu: miligramu 5.2 kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linataka isizidi 1.5. Mdogo wake alikuwa na miezi minane, na meno ya ukubwani huanza kujijenga chini ya ufizi tangu uchanga. Sikusubiri. Nilinunua mashine ya RO, yaani ya kuchuja maji kwa kuyasukuma kupitia utando, ya kufunga chini ya sinki.

Fundi aliifunga asubuhi. Hadi jioni hata jagi halijajaa.

"Dada, maji yako hayana presha," akaniambia.

Hapo ndipo nilipoielewa ile mashine. Moyo wake ni utando unaopitisha maji na kuzuia sehemu kubwa ya chumvi na floraidi. Ukiweka maji matamu upande mmoja wa utando kama huo na ya chumvi upande wa pili, matamu huhamia yenyewe kwenye yale ya chumvi. Mashine inayalazimisha yaende kinyume, na hilo linataka msukumo wa baa 3 hivi. Simtanki letu liko mita 4 juu, na mita 10 za kimo hutoa takribani baa 1 tu! Tukaongeza pampu ndogo ya umeme. Maji yakaanza kutoka, membamba kama uzi, yakijikusanya kwenye tangi lake dogo. Nilipoyapeleka maabara: 0.4. Nililia.

Kwa kila lita ya kunywa, karibu tatu zinatoka kwenye mpira wa maji machafu. Hizo nazikinga kwa ndoo, za chooni na za kudeki. Kuku siwapi, maana floraidi iliyozuiwa imo humo.

Kichujio cha tope na cha mkaa, ambavyo maji hupitia kabla ya utando, nabadilisha kila miezi 6. Cha mkaa usikicheleweshe kama maji yako yana klorini, kwa sababu klorini huharibu utando. Kifaa cha kupima TDS kinasoma jumla ya chumvi zilizoyeyuka majini, hakisomi floraidi peke yake. Namba ikipanda najua utando umechoka, narudi maabara.

Na uji wa mtoto pia napikia maji hayo. Magadi kwenye makande nimeacha, kwani nayo mara nyingi huwa na floraidi. Mama mkwe alilalamika kuwa makande hayaivi, akawa sahihi. Siku hizi tunaloweka mahindi na maharage tangu jioni, na yeye ndiye anayenikumbusha.