Maji ya bure ya Jambiani

Nilimwomba bosi ruhusa ya kwenda kufanyia kazi Zanzibar kwa mwezi mmoja. Akakubali, kwa sharti kwamba nionekane kwenye kila kikao. Kazi yangu ni hesabu. Ukiwa na kompyuta na bando, vitabu vya kampuni unavifunga popote. Ndivyo nilivyomwambia.

Ya boti nayaruka. Ulikuwa mwezi wa saba, kusi limeshika, na waliowahi kuvuka wakati huo wanajua.

Nianze na bei. Nyumba niliyoipata ilitangazwa kwa dola. Nikampigia mwenyewe, nikamwambia mimi ni Mtanzania mwenzake na mshahara wangu ni wa shilingi. Akacheka, akapunguza kidogo, akasema, "Sasa ni msimu, ndugu yangu." Umeme juu yangu. Maji bure, akayataja mara mbili, kama mtu anayetoa zawadi. Hayo maji yawekeni akilini.

Jambiani ni kijiji kirefu kilichojinyoosha ufukweni upande wa mashariki wa Unguja, na uzuri wake hauna ubishi. Picha zake mmeshaziona. Ambacho picha hazisemi ni kwamba bahari yenyewe haikai. Maji yakitoka, hasa wakati wa bamvu, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanakwenda mbali hadi karibu na mwamba, na uliyekuja kuogelea unabaki na tope na chaza. Wageni hulalamika. Kina mama wa mwani ndiyo kwanza wanateremka na kamba zao.

Juma la kwanza silikumbuki. Nilifanya kazi, nikala, nikalala. Nilichokikumbuka ni Tukuza, ile mita ya umeme ya kulipia kabla. Nilikuwa na taa, friji dogo, feni na kompyuta, lakini uniti ziliondoka kama maji kwenye pakacha. Nanunua leo, keshokutwa mita inalia.

Ijumaa moja, hesabu za mwezi zikiwa zimenifika shingoni, umeme ukakatika saa sita u nusu. Kikao ni saa nane. Nikachungulia mita: sifuri. Nikanunua uniti kwa simu, pesa ikakatwa, namba za kuingiza hazikuja. Nikapiga huduma kwa wateja, nikapigiwa muziki. Ruta imezimika, simu ina chaji asilimia tisa, na ndani ya ile nyumba mtandao hauji mpaka usimame juu ya ndoo bafuni.

Nikatoka na kompyuta kwapani. Mgahawa wa ufukweni ulikuwa na jenereta na waifai, lakini nywila hupewi mpaka uagize, na gilasi moja ya juisi ya pasheni kwa dola zao ingenilisha Dar siku nzima. Ningeinunua hivyo hivyo kwa uchungu, ila wageni wa matiara, wale wanaovutwa na upepo juu ya maji, walikuwa wamejaza kila meza na spika inaunguruma. Kinyozi amefunga. Fundi simu amefunga. Wanaume wote wako msikitini. Njia nzima ni mimi na mbuzi.

Watu walipoanza kutoka kwenye sala, mzee mmoja wa kanzu akasimama kuniangalia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unakimbizwa na nani, mwanangu?"

Nikamweleza. Sidhani kama yote yalimwingia, ila neno chaji alilidaka. Ana duka dogo, na juu ya bati ana sola anayochajia simu za watu kwa shilingi 500. "Hebu kaa kitako hapa," akasema, akanionyesha baraza, akanivutia waya. Kompyuta ilikuwa na chaji yake, simu ikapata uhai, na pale barazani mtandao ulikuwa umejaa pomoni. Saa nane kamili nikaingia kikaoni.

Sikujua kwamba baraza lile lina wenyewe. Baada ya Ijumaa wazee huja hapo kunywa kahawa, na mimi nilikuwa nimekalia nafasi ya mtu. Hawakuniondoa. Walijipanga nyuma yangu na vikombe vyao, wakatazama. Bosi alikuwa katikati ya habari za madeni sugu pale kofia moja ilipoinama mbele ya kioo.

"Assalaam aleikum!"

Idara nzima ya fedha, watu ambao kuwashisha kamera tu ni vita, ikaitika kwa pamoja: "Waaleikum salaam!" Mzee akauliza yupi ndiye mkubwa wao. Bosi akanyoosha mkono kama mtoto wa skuli.

"Basi, binti yangu, kijana huyu mpe nafasi ale. Ana njaa."

Sikuwa nimemwambia mtu kwamba sijala. "Sawa, mzee," akasema bosi, kwa sauti ambayo ofisini sijapata kuisikia. Kikao kikaisha mapema.

Nikala wali na samaki changu nyumbani kwa mwenye duka. Nilipotoa pesa alinitazama nikazirudisha mfukoni. Tukiwa tunasubiri zile namba, akanihadithia Unguja ilivyokaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari kutoka bara ulipoleta hitilafu. Miezi mitatu. Mahoteli yaliungurumisha majenereta, wengine wakarudi kwenye koroboi. Baadaye Wamarekani wakagharimia waya mwingine, wa megawati 100. "Kwa hiyo umeme upo," akasema. "Wako unakwenda wapi? Twende nikaione hiyo mita."

Namba zilikuja karibu na Magharibi. Tukaingiza, tukazima kila taa, tukachomoa friji. Kitaa chekundu cha mita kikaendelea kukonyeza. Mzee akaufuata waya kwa tochi ya simu, ukutani, chini ya mpapai, hadi kisimani. Pampu ilikuwa inanguruma taratibu, inajaza tangi langu, tangi la mwenye nyumba, na la bangalo zake zilizo ng'ambo ya ukuta.

"Maji yako ya bure hayo," akasema.

Mwenye nyumba hakukana. "Pampu ni ya wote, bwana. Na wewe si unaoga?" Fidia niliyopata ni madafu mawili.

Nyumbani Tabata tuliwahi kuchangia LUKU moja, Tukuza ya bara, wapangaji wanne, na tuligombana kila juma: nani ana friji, nani anapiga pasi kila asubuhi. Angalau ugomvi ule ulikuwa wa uso kwa uso. Lakini pia sikumbuki Tabata mgeni mwenye kompyuta kwapani akivutiwa waya na mtu asiyemjua. Tungedhani kaiba.

Siku zilizobaki nilihamia barazani. Asubuhi kina mama walikuwa wakipita na magunia ya mwani, kilimo kilichoanza huku mwaka 1989, na mmoja wao akanieleza kwamba aina inayolipa vizuri, kotonii, inakufa maji yakipata joto, kwa hiyo wengi wamebaki na spinosamu ya bei ndogo. Ukishakauka unasafirishwa ng'ambo, unatolewa ute wa kuganda unaotiwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno. Na yeye, basi, analipwa na watu wa mbali asiowaona. Mimi nikitaka, nafunga kompyuta na kuendelea kesho. Yeye akikosa bamvu, anangoja lijalo. Sikuthubutu kumuuliza anapata kiasi gani, maana angeniuliza nami.

Nimeomba kurudi wakati wa kaskazi. Bosi anasema likizo zangu zimekwisha. Nimemwambia ile haikuwa likizo, hesabu zote zilifungwa kwa wakati. Anasema mtu anayelishwa changu saa za kazi yuko likizo. Bado tunabishana.